Spika za Mninga

Kilwa ukitaka kuwajua wataalamu wa mbao, nunua ubao mmoja upite nao mtaani. Utasimamishwa kila hatua kumi. Kila atakayekusimamisha ataugonga kwa kifundo cha kidole, atautegea sikio na kukunja uso kama anayechagua dafu, kisha atakwambia umepigwa. Hakuna hata mmoja atakayekuuliza ubao wenyewe ni wa kazi gani.

Wa kwangu ulikuwa wa spika. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, na sura ya sauti nimeifundisha mara nyingi hadi naweza kuifundisha huku nikiwaza mboga ya jioni. Mtetemo, mawimbi, mwangwi, vyote navijua. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani nilikosea kwa kutojua. Nilikosea huku najua, na kwa kosa la namna hiyo lazima uwe umesoma.

Mdogo wangu wa kike, aliyeolewa Pande, alikuwa anamwoza binti yake wa pekee. Mumewe, shemeji yangu, alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka mmoja nyuma kwa maradhi ya kifua. Alipoona pumzi zinamwishia, alimwomba mkewe amshikie simu, akarekodi nasaha za siku ya harusi ya mwanawe. Dakika nne tu. Mdogo wangu alizisikiliza mara moja, akazifungia, na binti mwenyewe alikuwa hajazisikia kabisa. Ilipangwa zisikike siku hiyo, baada ya nikaha, mbele ya watu wote.

Sauti yenyewe ilikuwa imebaki kidogo sana, ya mtu anayeongea huku anapanda mlima.

“Kaka,” mdogo wangu aliniambia, “nataka kila neno lisikike. Akitoka kama mtu anayesemea ndani ya pipa, wallahi mie sitakusamehe. Mwanangu baba yake atamsikia mara hiyo moja mbele za watu, basi.”

Ningeweza kukodi. Vijana wa mjini wana spika ndefu kama makabati, zinazotikisa mabati ya majirani na kuwatoa panya darini, lakini zinajua kutamka neno moja tu, nalo ni “du”. Nilizicheka mbele ya watu. Nikasema nitatengeneza za kwangu, na watazisikia. Barazani kwetu mtu akishasema jambo la namna hiyo mbele ya kahawa, hata kama ni la kipumbavu, analazimika kulitekeleza.

Ikabaki kuchagua mbao. Binamu yangu anayefanya kazi Songo Songo, kwenye gesi, alipiga simu maalumu kuniambia nitumie mpingo, kwa sababu Wazungu wanatengenezea zumari zao. Nilimuuliza kama amewahi kuona ubao wa mpingo wenye upana wa kutosha boksi la spika. Akasema hajawahi, ila Wazungu wanajua.

Wengine wote walisema mninga. Kwetu mninga si mti, ni cheo. Mtu akifariki wanaulizana kaacha nini, na kitanda cha mninga hutajwa kabla ya watoto. Niliwakubalia upesi kwa sababu nilitaka kukubali. Nilishaiona akilini ile rangi ya asali iking’aa chini ya turubai, na wageni wakinong’onezana nani katengeneza.

Mtu mmoja tu alipinga, na kwa bahati mbaya alikuwa mtani wangu. Ni seremala, mtu wa Mtama, mnene, mwenye karakana nyuma ya soko hapa Masoko. Ukoo wao na ukoo wetu wanataniana tangu enzi za mababu. Alipokufa baba yangu, mtani huyu aliingia kaburini kabla ya maiti, akalala chali, akasema shimo ni zuri mno kwa mzee bahili kama yule, apewe yeye. Hakutoka mpaka alipoahidiwa jogoo. Kwenye msiba wa shemeji yangu alivaa koti la marehemu akatembea kama yeye, kwa zile hatua fupi za kuyahurumia magoti, mpaka mjane akacheka huku analia. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Katika miaka yote tuliyojuana, hakuwahi kuniambia neno la kweli na wala mimi sikuwahi kumwambia.

Kabla ya kununua zote, nilichukua ubao mmoja wa mninga nikampelekea auone. Aliubandika shavuni, akafumba macho.

“Mtani,” akasema kwa sauti ya kusikika soko zima, “huu si ubao, hii supu. Mpelekee mgonjwa anywe.”

Wateja wake wakacheka. Nikamuuliza nifanye nini basi.

“Nunua plaiwudi. Ile nene, yenye matabaka mengi. Haipindi, haipasuki, haina maringo. Kila ungio lipige gundi na skrubu, na ndani kingamisha kipande cha mbao ili kuta zisicheze. Lakini ninyi watu wa Kilwa plaiwudi mtaiwezea wapi? Ninyi hamtaki spika ya kusikiliza. Mnataka spika ya kumwonyesha mkwe!”

Kila alichosema kilikuwa sahihi. Mwanafunzi wangu angekiandika kwenye mtihani, ningempa alama zote na kumsifu mbele ya darasa. Lakini kilitoka kwenye mdomo ule, kimefungwa ndani ya matusi, nami nikakitupa pamoja na matusi yake. Nikamjibu kwamba plaiwudi ni ya watu wa Mtama, wanaobangua korosho wakala maganda. Tukacheka, tukaagana vizuri, nikaenda kununua mninga uliobaki. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wahenga walisema. La mtani hawakulisema, wakatuacha tuhangaike wenyewe.

Muuza mbao aliapa kwa Mungu na kwa uhai wa mama yake kwamba mti ule ulikatwa misimu miwili nyuma. Kwenye ncha ya ubao mmoja niliona tone jekundu la utomvu, bado linanata kidoleni. Akasema hiyo ndiyo dalili ya ubora. Nilipomuuliza habari za ukavu, akanionyesha alama ya nyundo ya maliasili, ile inayogongwa ushuru ukishalipwa, kana kwamba nyundo ile ndiyo inayokausha. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mbao zile muuzaji alinifuata nazo mpaka barabarani. Nilizipandisha kwenye guta huku najisifu kwa kujua kuchagua.

Nilitengeneza mwenyewe, barazani kwangu, mvua za masika zikiwa ndiyo kwanza zinakatika na kila kitu ndani ya nyumba kina ukungu, hata viatu. Nilipiga randa, nikapiga msasa, nikapaka vanishi mara tatu. Yakawa maboksi mawili mazuri kupita kiasi. Kila moja lilihitaji watu wawili wenye afya kulinyanyua, na uzito ule nikauhesabu kuwa ni ushahidi. Watu walikuja kuyatazama. Waliyagonga, waliyapapasa, walijitazama kwenye vanishi na kujiweka sawa kofia. Kwa muda wote ule hakuna aliyesema niyawashe, na mimi mwenyewe niliyajaribu kidogo tu, kwa sauti ya chini, nikaona yanatosha.

Mtani naye alikuja. Aliyazunguka mara mbili, akaketi mkekani, akainua viganja kama anayesoma fatiha.

“Poleni sana,” akasema. “Mie nimewahi. Wengine watakuja siku yenyewe.”

Nilicheka kwa sababu ndiyo heshima ya utani, lakini nilichukia.

Harusi iliangukia kipupwe, Pande ikiwa na jua kavu na ule upepo wa kusi unaopasua midomo. Maboksi yangu niliyasimamisha uani tangu asubuhi, moja kulia na moja kushoto, ili kila anayeingia ayapite. Hakukuwa na haja ya kuyatoa mapema namna ile. Turubai lilifunika watu, halikufunika spika, na sikutaka lizifunike. Jua liliyapiga mpaka vanishi ikaanza kunuka, nami nikawa naifurahia harufu hiyo, nikiona ni ya mafanikio.

Shehe alikuwa katikati ya hotuba ya ndoa nilipoisikia nyuma yangu sauti moja kavu: ta! Nikadhani ni kiti. Lilikuwa boksi la kulia, ubavu wake umepasuka kutoka juu hadi chini, ufa wa kupitisha sarafu. Nikachomoa waya wake kimyakimya, nikasimama mbele yake kama mtu aliyechana suruali. Hata hivyo niliamini la kushoto litatosha.

Nikaha ikapita salama. Bi harusi akatolewa nje, akakalishwa barazani karibu na mama yake. Watu wakanyamazishwa. Mdogo wangu akanipa simu kwa mikono miwili, kama anayenipa mtoto mchanga. Nikaiunganisha kwenye amplifaya, nikabonyeza.

Kilichotoka hakikuwa shemeji yangu. Walikuwa nzi. Maelfu ya nzi ndani ya boksi, na chini yao, mbali, mwanamume anayejaribu kusema kitu. Nilikimbilia boksi na kuona papo hapo kilichotokea: ubao wa juu ulikuwa umepinda kwa jua na kujinyanyua kutoka kwenye ukuta wake. Upepo ulikuwa unavuja pale, na mbao mbili zilikuwa zinagongana kila shemeji anapofungua mdomo. Swali hilihili nilishawahi kulitunga kwenye mtihani wa kidato cha tatu, na walioshindwa kulijibu niliwapa sifuri.

Nikapunguza sauti, wageni wa nyuma wakapiga kelele kwamba hawasikii. Nikaongeza, nzi wakaongezeka. Niliinua macho nikamwona mpwa wangu ameinamisha kichwa, ushungi umeanguka begani, anamtafuta baba yake ndani ya kelele zangu. Mama yake hakuwa anatazama boksi. Alikuwa ananitazama mimi. Nimeona aibu mara nyingi maishani, na nyingine nimezizoea, lakini ile ilikuwa inauma kama jeraha. Marehemu alizitafuta pumzi zile moja moja akaziweka akiba, na mimi nilikuwa nazipoteza kwa sababu ya rangi ya asali.

Hapo mtani akanyanyuka. Nilimwona akija katikati ya watu na nikajua yamekwisha. Mtu aliyelala kwenye kaburi la baba yangu hawezi kuiacha nafasi kama ile. Atalilia boksi, nikawaza, atalifunika sanda, atataka lichimbiwe, na watu watacheka mpaka dakika nne ziishe. Nilitaka kumwambia, mtani, leo nihurumie, lakini hilo ni neno ambalo mtani haambiwi.

Alifika. Hakunitazama. Akashika pindo la kanzu yake, akageuka, akaliweka kalio lake lote juu ya spika yangu ya mninga.

Nzi wakakatika.

“...mchumba wako nimemwona,” alikuwa anasema shemeji yangu, taratibu, wazi, kana kwamba ameketi pale barazani. “Kala wali kwangu mara tatu, hakuacha hata punje. Mtu asiyemwaga chakula si mbaya. Ila wewe mwanangu, ukiwa na njaa, sema una njaa. Mama yako alikuwa ananificha. Akinipa mimi, yeye anasema kashakula. Nimekuja kujua baada ya miaka. Usimfanyie hivyo mumeo, utamfanya dhalimu na yeye hajijui.”

Hakuna aliyecheka. Mwanamume mzima, mnene, amekaa juu ya sanduku, na sauti ya maiti inatoka chini yake, na uani hapakusikika hata kikohozi. Mtani alikuwa amekaza magoti na kushika kingo za boksi kwa mikono miwili, anaogopa hata kuvuta pumzi. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, na hakuyafuta, kwa sababu angeinua mkono, ubao ungeinuka. Nilikaa chini pale pale, kwenye mchanga, karibu na miguu yake, nikalia na mimi.

Nasaha zikaisha kwa dua. Watu wakaitikia amina. Mtani akashuka, akajikung’uta kanzu, akaondoka, na chakula kikaanza kugawiwa.

Nilikuwa nakusanya waya nilipoona viatu vya bi harusi mbele yangu. Alikuwa ameshuka barazani na maua yake yote na hina yake, na macho yamemvimba.

“Mjomba,” akasema, “mwanzo sikumsikia. Aliniita jina, sikusikia vizuri. Nirudishie.”

Niligeuka kumtafuta mtani. Alikuwa kwenye mkeka wa mbali, na pilau mdomoni, na alikuwa amesikia. Akainuka na sahani yake, akaja, akakaa tena juu ya boksi, akaacha kutafuna.