Fundi cherehani wa Soweto aliyekuwa Mzee Nikodemo

Saa nne asubuhi, katika kibanda cha ushonaji mtaa wa Soweto mjini Moshi, mwalimu wa kwaya Ebenezeri Swai amesimama, mikono ameitanua, anapimwa joho jipya. Mdomo haupimwi, kwa hiyo anautumia.

"Umesoma alichoandika Mzee Nikodemo juu ya ubatizo wa watoto wachanga?" anamuuliza fundi. "Mimi Mlutheri, lakini yule Mkatoliki ananikosha. Nakuambia, mama, yule ni padri mstaafu. Yuko mahali ametulia na kahawa yake."

Fundi ni Mektrida Mushi. Kinywa kimejaa pini. Anamgeuza mteja bega na kutikisa kichwa kama mtu anayesikia habari ngeni.

Ebenezeri anapotoka tu, Mektrida anatema pini kwenye kisahani na kucheka mpaka anashika cherehani.

"Padri mstaafu! Mbe, ndugu mwandishi, mimi hata miguu ya kusimama misa ndefu sina."

Mzee Nikodemo ni yeye.

Kwa miaka kadhaa jina hilo limetawala ukurasa wa mtandaoni uitwao Hoja za Imani, ambako Wakatoliki, Walutheri, Wasabato na walokole wa Kilimanjaro hubishana kwa adabu asubuhi na bila adabu ikifika jioni. Toharani, kunena kwa lugha, siku ya Sabato, hakuna ambacho mzee huyo hakukitia mkono. Wasomaji vijana humwamkia shikamoo kabla ya kumpinga.

Mektrida anasema yote yalianzia hapa kibandani. Wateja wake ni wa madhehebu yote, na mtu akipimwa nguo hukosa kazi ya kufanya, anaanza dini.

"Sasa mimi niseme nini? Nikimtetea mlokole, Mkatoliki anapeleka suti kwa fundi mwingine. Maneno yakawa yananikaa hapa kooni."

Jina alilitoa kwenye Injili, kwa yule mkubwa wa Wayahudi aliyemwendea Yesu usiku kwa kuogopa watu. "Na mimi nilikuwa naogopa watu," anasema. "Hasa mtu mmoja."

Mtu huyo ni mumewe, Wenseslaus, katekista wa kigango chao huko juu Kibosho, mwanamume ambaye hajawahi kuacha swali bila jibu, hata ambalo hakuulizwa. Ndiye aliyekuwa mpinzani mkuu wa Nikodemo, tena kwa jina lake kamili na picha amevaa suti aliyoshonewa na mkewe.

Kila jioni baada ya chakula, Wenseslaus alimsomea mkewe majibu aliyokusudia kumpelekea mzee huyo.

"Ananiambia, 'Mama Lucky, sikiliza nilivyomkaanga huyu.' Nasikiliza. Pale alipolegea namwambia, 'Baba Lucky, hapo ongeza maneno ya Paulo.' Anaongeza. Asubuhi nafika kazini nakutana na hoja ngumu kweli kweli, na aliyeikaza ni mimi mwenyewe! Nateseka mpaka mchana natafuta pa kutokea."

Wala hakushinda kila mara. Siku moja alinukuu maneno ya Mithali akasema ni Zaburi, akachekwa ukurasa mzima. Jioni hiyo mumewe alirudi na nyama ya kusherehekea. Mektrida aliichoma mwenyewe, akaila mwenyewe, na anakiri ilikuwa tamu.

Kisha kuna Elisifa, mjane anayeishi Rau, aliyemwandikia Nikodemo faraghani kuuliza kama mke wa mzee bado yu hai. "Nilimjibu kwamba mke yupo," anasema Mektrida, "na ana wivu sana."

Mambo yaliharibikia kwenye isale.

Ni ule mmea wa majani marefu unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba, yale mashamba ya ukoo. Mchagga aliyekosa humpelekea isale yule aliyemkosea, na kwa desturi anayepelekewa hakatai kusamehe. Wenseslaus aliandika kwamba Mkristo ana sakramenti ya kitubio, na kwamba kwenda kuomba radhi na jani mkononi ni upagani.

Mektrida alikuwa anatia zipu kwenye sketi ya shule. Aliiacha, akaandika kwa hasira:

"Namfahamu mwalimu mmoja wa dini aliyemtukana baba mkwe wake kwenye pombe ya mbege ya Krismasi, mkewe akarudi kwao. Mwalimu akaenda huko na isale, akapiga magoti kwenye tope mbele ya zizi, suruali nyeupe ikaharibika. Akapewa mke wake. Leo anauita huo upagani?"

Wasomaji walicheka mno. Naye alicheka, akarudi kwenye sketi.

"Katikati ya zipu nikakumbuka kwamba siku ile pale zizini tulikuwa watu watatu tu. Mume wangu, mimi na marehemu baba yangu."

Jioni hiyo Wenseslaus alikunywa mtori wake wa ndizi, akashukuru, akaenda kulala. Hakusoma kitu. Kesho yake vivyo hivyo, na kesho kutwa.

"Angenigombeza ningejua pa kushika," anasema Mektrida, na kwa mara ya kwanza hacheki. "Mtu aliniamini kuliko wote, nikamvua nguo mbele za watu. Niliona aibu, nikashindwa hata kutunga uzi kwenye sindano. Nikajua zile jioni zetu nimeziua."

Alikwenda kuungama. Padri alimwondolea dhambi upesi. Nyumbani, Baba Lucky aliendelea kunyamaza.

Ndipo alipochukua kisu, akaenda mpakani, akakata isale pamoja na kipande cha shina, akamfuata mumewe bandani alikokuwa akimlisha ng'ombe.

Wenseslaus, aliyekubali kuzungumza na gazeti hili nyumbani kwake, anasimulia kama mtu aliye kizimbani. "Nikilipokea lile jani, nimeshindwa hoja mbele ya mkoa mzima. Nikilikataa, ukoo utaniuliza nimelelewa wapi."

"Alinitazama mpaka mkono ukaingia ganzi," anadakia mkewe. "Halafu akasema, 'Liweke hapo chini. Sijalipokea. Limewekwa tu.'"

Akampa na sharti. Nikodemo wa Injili, alisema, hakubaki gizani siku zote. Yesu alipokufa alijitokeza na manemane yake, watu wakamwona. Basi na huyu ajitokeze. Wenseslaus mwenyewe ndiye aliyepiga simu gazetini.

Kwa hiyo Ebenezeri atamjua padri wake mstaafu kwa kusoma makala haya, na Mektrida anaomba Mungu joho alifuate hata hivyo.

Mpango wake ni kuendelea kuandika, sasa kwa jina lake. Jumapili ataingia kanisani na mumewe, wakae benchi la mbele.

"Wanaotaka kucheka wacheke. Wengi nimewashonea, najua viuno vyao," anasema. "Ninachotaka ni jioni moja tu aniambie tena, 'Mama Lucky, sikiliza.'"

Wenseslaus anamsindikiza mwandishi. Uani, katikati ya mlango wa nyumba na jiko, kuna isale changa iliyozungushiwa mawe, udongo wake umelowa.

"Hiyo ni ya mpaka," anasema kabla hajaulizwa. "Andika hivyo."

Anaulizwa ni mpaka gani huo, kati ya sebule na jiko. Anakohoa, anatazama mlima, kisha anatoa simu mfukoni na kuvaa miwani.

"Mama Lucky!" anaita kuelekea jikoni. "Njoo usikilize hapa."