Kabila la Shujaa

Mukhtar alipoleta mashine ya gemu Garsen, baada ya maji ya El Niño kushuka, alimwajiri Rosina, Mpokomo wa kijiji cha Ngao, awashe jenereta na kupanga zamu za wachezaji. Alimpenda kwa kuwa hana maneno. Kumbe maneno aliyakalia tu.

Gemu yenyewe ilikuwa ya Kijapani, maandishi yake hayasomeki. Mtu mwenye upanga anatembea, anazuiwa langoni, anapigana, basi. Wachezaji wakaanza kuchoka.

"Sasa huyu anakwenda wapi?" Dida, kijana wa Kiorma, aliuliza siku moja.

Rosina akajikuta amejibu: "Ng'ombe wake wana kiu. Wamemfungia malka."

Dida akageuka. Njia ya kuteremshia mifugo mtoni ikifungwa, hakuna Mworma anayelala. "Ehe? Halafu?"

Halafu ikawa kila siku. Asubuhi wafugaji walipocheza, shujaa alikuwa mfugaji. Jioni walipofika vijana wa Kipokomo kutoka shambani, shujaa yule yule alilinda mpunga wake usikanyagwe. Rosina alitunga akifagia, akatunga akikoroga uji. Hajapata kuona watu wakinyamaza ili yeye aseme.

Ukame wa mwaka uliofuata ulipokaza, siku ya soko, makundi yote mawili yakajaa pamoja kwenye ukumbi wa Mukhtar.

"Haya dada, tuletee yule mfugaji wetu," Dida akasema.

"Mfugaji gani?" Hiribae, jirani yake Rosina kule Ngao, akacheka. "Huyo mkulima! Hapo langoni anawafukuza ng'ombe wenu!"

"Rosina, sema," Dida akamgeukia. "Ni wa nani?"

Alimtazama huyu, akamtazama yule.

"Ndumakuwili!" akafoka Dida.

"Hapo umesema kweli," Hiribae akaitikia. Ndilo pekee walilokubaliana. Fimbo zikainuliwa, televisheni ikapasuka.

Mukhtar hakupaza sauti. "Nilikuchukua kwa sababu unanyamaza, dada."

Rosina akarudi Ngao. Jikoni kwa mama yake akaandika hadithi yote upya: safari hii shujaa ana baba Mpokomo na mama Mworma. Akamsomea mama hadi mwisho.

"Nzuri, mwanangu," mama akasema, akichochea moto. "Ila huyo mama Mworma mtoe. Kanisani watasemaje?"

Rosina akazikunja karatasi. Kesho yake akaanza hadithi nyingine. Hiyo hakumsomea mtu.