Shati la Kwendea Mji wa Mabembea

Bibi, fundi cherehani, alianza kuipanga safari ya kwenda mji wa mabembea, ule uwanja wa michezo, na mjukuu wake wa pekee tangu siku ile, miaka kadhaa iliyopita, wazazi walipomhamishia mbali. Sasa likizo ilikuwa imekaribia, na shati la mtoto la safari alikuwa ameshalishona. Wateja huwapima kwa utepe, tena mara mbili, lakini mjukuu alimkatia kitambaa kwa kumkumbuka tu.

Jioni akampigia simu.

"Bibi, ile treni inayopindua watu kichwa chini utaipanda kweli?"

"Nitaipanda, mume wangu. Wewe utanishikia meno!"

Mjukuu alicheka kwa sauti nzito, ya mwanamume mzima. Bibi akalitazama shati mapajani.

"Hebu niambie, baba yako sasa unamfika wapi?"

"Nimeshampita, bibi." Akasita. "Bibi, ningependa niende na rafiki yangu badala yako. Hutaudhika?"

Bibi akalikunja shati.

"Niudhike nini? Nendeni, vijana kwa vijana. Ila pitieni hapa kwanza, niwapime wote wawili. Mwaka huu sishoni tena kwa kukumbuka."

"Tutajaribu, bibi," alisema mjukuu, huku akimjibu mtu mwingine pembeni.