Kapita na sungura muzima

Wadada, mbwa wetu muzee ameniaibisha leo, na sasa niko namupenda zaidi.

Kapita munamujua, meno yake iko ya kuhesabu.

Papa Safi, bwana yangu, alisema wazi: "Asipokamata sungura, anabaki kwa kaka yangu ku kijiji cha Mumosho. Hatulishi muzee wa bure."

Basi mwezi muzima nilimufundisha kiwanjani. Nilikokota ngozi ya sungura kwa kamba, yeye anaifuata, anaidaka.

Lakini mutoto wetu Safi alikuwa analala mugongoni mwangu! Kila Kapita akidaka, namuambia: "Polepole, mutoto amelala."

Leo asubuhi tukaenda kuwinda Mumosho kwa shemeji, tukamufunga Kapita njuga shingoni. Akaingia mu majani. Njuga ikalia, ikanyamaza.



Akatoka na sungura mudomoni! Papa Safi akapiga vigelegele kama mwanamuke.

Kapita akatembea kama anabeba mayai. Akamulaza sungura kwenye kitenge nilichomutandikia Safi chini, pembeni yake.

Muzima kabisa!

Sungura akatuangalia, akaruka, akaenda zake.

Shemeji akacheka mpaka akakaa chini: "Huyu si muwindaji, ni mulezi wa watoto!"

Nikasema: "Ulisema akamate. Amekamata. Anarudi nyumbani."

(Munihukumie ninyi: amekamata ao hakukamata?)

Lakini wakati wa kurudi, ku mulima, Kapita aliposhindwa kutembea, nikamuona bwana anainama.

Tumefika nyumbani Bukavu hivi: mimi na mutoto mugongoni, yeye na mbwa mabegani.