L Si ya Lena

Niliolewa Maua nikitoka Mbeere, kule chini ya Gachoka, kwa hivyo kuchekwa nimekuzoea. Walicheka Kiswahili changu. Walicheka muthokoi wangu, mahindi ya kukobolewa yaliyopikwa na maharagwe, ati ni chakula cha watu wa ukame. Yote hayo niliyameza. Lakini walicheka pikapu yetu, na hilo sijawasamehe mpaka leo.

Pikapu yenyewe ilikuwa otomatiki. Miaka hiyo ya tisini Maua ilikuwa mji wa pikapu. Kabla jua halijatoka zilishajazwa miraa na kuondoka mbio kuelekea Nairobi, na dereva aliyejua kupangua gia bila kupunguza mwendo aliheshimiwa kuliko mwalimu mkuu. Sasa gari lisilo na klachi, nani angeliheshimu? Waliliita gari la kiwete. Na kweli lilikuwa la kiwete. Mume wangu alikuwa mmoja wa hao wakimbizaji wa miraa mpaka siku gari lilipopinduka naye, akapoteza mguu wa kushoto. Alipotoka hospitali akatafuta gari lisilodai mguu wa kushoto, akalipata kwa mhandisi mmoja mzungu aliyekuwa akirudi kwao, akaingia nalo mjini akipiga honi. Wengine waliona kiwete. Mimi niliona mwanamume aliyekataa kuketi.

Kazi yake mpya ikawa kuchomelea vyuma. Alitengeneza mageti na madirisha, na baadaye wavuvi wa bwawa la huko kwetu Mbeere wakamwagiza mashua ya bati. Mashua, Maua, juu mlimani, mahali ambapo maji mengi unayoweza kuyaona ni yale ya mvua kwenye mtaro. Watu walipita uani wakimwita Nuhu na kuuliza gharika ni lini. Yeye alichomelea tu. Akaiundia na trela ya ekseli kuukuu ili tuivute kwa pikapu. Siku aliyoipaka rangi ya mwisho alikuwa tayari anakohoa vibaya, na kabla mashua haijaonja maji tulikuwa tumemzika.

Udongo wa kaburi haujakauka, shemeji yangu akaja kudai ufunguo. Huyu alikuwa mdogo wake marehemu, naye ni dereva wa miraa mwenye jina barabarani. Ati gari la nyumba haliwezi kubaki kwa mwanamke. Ati ataliuza. Lile lile la kiwete! Nilimwuliza tangu lini kitu cha kuchekwa kimekuwa urithi wa kupiganiwa. Pikapu hiyo ndiyo iliyopeleka ndizi zangu na viazi vyangu sokoni Meru, na ndiyo iliyolisha watoto wangu. Ikiondoka, ningerudi kwa wazazi wangu na watoto nyuma yangu, nikiomba unga. Nikamwambia ng'o.

Maneno yakafika kwa baba mkwe. Yeye hakupenda kelele. Alisema mashua ni ahadi ya marehemu, na ahadi ya marehemu haikai uani ikioga mvua. Nikiifikisha bwawani na gari likarudi zima, ni langu na hakuna atakayeniuliza tena. Ikinishinda, ufunguo unakwenda kwa shemeji. Na shemeji aende nami awe shahidi. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Asubuhi ya safari, shemeji akaanza. Hawezi kuonekana Maua akibebwa na mwanamke, kwa hivyo ataendesha yeye mpaka Meru. Baba mkwe akanikonyeza nikubali ili twende. Nikakubali, na laiti ningekataa.

Madereva wa miraa wana tabia moja. Wakifika mteremko wanatoa gia, wanaweka nyutro, gari linajiendea lenyewe bure, ati wanabana petroli. Wanajisifia jambo hilo kama wamelibuni wao. Shemeji hakuwa na habari nyingine ya mteremko isipokuwa hiyo. Mlima wa kwanza wa kushuka, akasukuma gia mpaka N. Nikamwambia kuna mzigo nyuma. Akaniambia amekuwa akishuka milima tangu nikiwa nachunga mbuzi Mbeere.

Mashua ikaanza kutusukuma. Kwanza polepole, halafu kwa nguvu, halafu trela ikaanza kutikisa mkia huku na huku mpaka pikapu yenyewe ikayumba. Shemeji akakanyaga breki akasimama juu yake. Nikaanza kusikia harufu ya kuungua, moshi ukatoka kwenye magurudumu, na tukaishia gurudumu moja mtaroni kando ya shamba la viazi. Mungu ni mkubwa, hakuna kilichovunjika. Nilishuka, nikazunguka mpaka mlango wake, nikanyoosha mkono nikachomoa ufunguo. Hakuna neno nililomwambia ila asogee.

Wakulima walitusaidia kutoka mtaroni. Nikasubiri hadi breki zikapoa kabisa, nikakagua ndoano na minyororo ya trela, kisha nikaondoka. Na mteremko uliofuata nikaweka L, ile gia ya chini kabisa.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Nchi nzima inajua kwamba gari lenye kibao cheupe na L nyekundu ni gari la lena, mtu anayejifunza kuendesha. Kwa hivyo huko Maua walikuwa wameshasoma herufi za gia yetu na kuzimaliza: D ni ya dereva, L ni ya lena. Mwanamume mwenye leseni akiweka L anajitukana mwenyewe. Shemeji aliamini jambo hili kama anavyoamini Biblia.

Mume wangu alinifundisha kinyume. Alinikalisha kwenye usukani, yeye pembeni na gongo lake katikati ya magoti, akaniambia L si ya lena, ni ya kushikilia. Ukimteremsha fahali mtoni hutangulii mbele umwache akusukume, unabaki nyuma umeshika kamba. L ndiyo kamba. Injini italia, iache ilie, ndiyo kazi yake. Na ukipanda na mzigo, usiache gia ihangaike yenyewe. Weka 2, panda taratibu, na kileleni simama upumzishe mafuta ya gia yasichemke. Alinirudisha kwenye mteremko uleule mpaka nikamchukia. Wee, mtu yule alikuwa na subira.

Basi nikaenda hivyo. Tukapita Meru, tukapita Nkubu, mabonde yale hayaishi, unashuka kwa L unapanda kwa 2. Kila kilele nilisimama, na kila niliposimama shemeji alitazama saa na kufyonza. Nilimwacha afyonze.

Tukafika mteremko wa Nithi, ule mkali uliokwisha kuua wengi. Anayeujua anaujua. Magari yalikuwa yamejipanga nyuma yangu yakipiga honi, injini yangu inaunguruma, mashua imetulia nyuma kama mtoto mgongoni. Na kutoka chini zikaja pikapu za miraa, tupu, zinarudi kutoka Nairobi. Wenzake. Walimwona. Walitoa mikono madirishani wakamcheka mbele ya macho yangu, naye akashusha kofia mpaka puani.

"Toa hiyo L," akasema. "Watu wananijua mimi."

Halafu akafanya jambo ambalo hata sasa likinijia huwa nakaza mkono. Akaushika ule mti wa gia ili aurudishe N, katikati ya Nithi, na mashua nyuma yetu. Nikampiga kofi mkononi, kofi la kweli, nami sikuondoa macho barabarani.

"Lena ni mimi," nikamwambia. "Wewe uliyehitimu ndiye uliyetutia mtaroni. Gusa tena nikushushe hapa hapa utembee."

Hakugusa tena. Tukateremka mpaka darajani kwa mwendo wa mama mjamzito, na sikuwa na haraka ya kumfurahisha mtu. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni, lakini kofi lile, nisidanganye, lilinipa raha.

Embu tulikunywa chai. Kisha tukashuka Gachoka, joto la kwetu likanipokea, vumbi likaingia mpaka kwenye meno. Wavuvi walikuwa wanangoja. Nikageuza, nikaweka R, nikarudi nyuma taratibu kwenye tope la ukingoni, gari linajivuta lenyewe bila kurukaruka, mpaka trela ikazama na mashua ikaelea. Mzee mmoja mvuvi akaipapasa ubavuni kwenye alama za kuchomelea, akauliza fundi yuko wapi. Nikaenda nikaosha uso bwawani, nikakaa hapo nikalia mpaka nikatosheka.

Turudi Maua. Baba mkwe alikuwa ameketi nje, naye shemeji akawahi kuzungumza kwanza. Nyani haoni kundule. Ya mtaroni akayaruka, akaanza na L. Ameendesha kwa L, mzee. Njia nzima, kama lena. Wenzangu wote wameona.

Baba mkwe, ambaye hakuwahi kuendesha hata baiskeli, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Na mashua iko wapi?"

"Iko majini."

"Basi."

Akaingia ndani. Ufunguo ulibaki mfukoni mwangu.

Lakini mdomo wa shemeji haukufungwa. Mji mzima ukaanza kuniita Lena. Nikipita sokoni, Lena. Nikitia petroli, Lena. Haya basi. Nikaenda kwa mchora mabango, nikamwambia anichoree L nyekundu mbele na nyingine nyuma, kubwa, zionekane mpaka kwa vipofu. Alinitazama kama nimerukwa na akili, lakini alichora. Niliendesha na herufi hizo miaka yote liliyoishi gari lile, na halikuwahi kunitia mtaroni hata siku moja.

Askari walinisimamisha mara nyingi. Nakumbuka mmoja karibu na Nchiru, kijana mgeni wa sehemu zile. Alitazama L, akatazama leseni yangu ambayo ilikuwa halali kabisa, akatazama kiti kitupu kando yangu. Akaniambia lena haruhusiwi kuendesha peke yake.

"Mwalimu wako yuko wapi, mama?"

"Amezikwa Maua, afande," nikamwambia. "L ni yake. D ni yangu."