Siku Niliyoiona Ngiri kwa Ndani

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha upasuaji, hapa Morogoro, daktari mkuu alinikabidhi kulabu mbili za kutanulia kidonda, akaniambia, "Binti, ukizimia, angukia nyuma." Alikuwa anapasua ngiri ya kinena: utumbo umepenya penye udhaifu wa misuli, umetuna chini ya ngozi. Sikuzimia. Nilizishika kulabu zile hadi nikaota mvi.

Nyinyi wauguzi wa siku hizi hucheka nikisema mpasuo wa wazi una heshima yake. Mgonjwa anachomwa ganzi ya mgongoni, anapiga soga, na daktari anakishika kwa mkono anachokishona. Upasuaji wa matundu madogo ulipofika, na kamera yake na gesi ya kujaza tumbo, niliununia. Huo lazima mgonjwa apewe nusu kaputi, alale fofofo.

Kisha ngiri ikamrudia mdogo wangu Salumu, pale pale tulipomshona zamani, na upande wa pili ikachomoza nyingine. Salumu hubeba ndizi kichwani kutoka mlimani. Asipobeba, nyumba yake hailali imekula. Daktari bingwa, kijana wa juzi tu, alieleza kwamba mbele pameshajaa makovu, afadhali apitie kwa ndani ya tumbo, nyuma ya makovu hayo, azibe pande zote mbili kwa matundu matatu yale yale. Salumu aliogopa kulala asiamke. Akanigeukia.

"Dada, umekaa humo maisha yako yote. Nichagulie."

Nikachagua matundu.

Nilisimama mbele ya skrini. Subhanallah! Miaka yote nimeiona ngiri kwa nje. Siku ile niliiona kwa ndani, tundu jeusi kwenye ukuta unaong'aa, mshipa wa damu ukipwita pembeni. Daktari akatandaza wavu laini wa kuzibia juu ya tundu, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Damu haikujaa hata kijiko. Machozi yalinitoka, na sikuona haya.

Salumu alipozinduka alijipapasa kinenani, hakukuta kidonda, akaanza kulia. Alidhani tumeshindwa. Nikamwonyesha plasta tatu ndogo tumboni. Akajifuta machozi, akawaza. Daktari amemkataza mizigo kwa wiki kadhaa, na wenzake kule mlimani humpumzisha mtu wakishauona mshono. Hizi plasta nani atazielewa?

"Nifunge bandeji kubwa, dada. Hapa kinenani."

Wiki ile ile nilistaafu. Vidonda nilivyovifunga sina hesabu yake. Cha mwisho hakikuwepo, na ndicho nilichokifunga kwa furaha kuliko vyote.