Saluni Nyuma ya Mti Usiokatwa

Saluni yetu ya mtaa wa Overport, huku ugenini, ilikuwa na kila kitu, ila haikuonekana. Mbele ya dirisha ulisimama mti mnene, wa kijani mwaka mzima, matawi yameshuka hadi karibu na ardhi kama sketi. Abiria wa teksi waliuona mti tu. Kibao chetu chenye picha ya mwanamke wa rasta ndefu kilikuwa nyuma yake, na wateja wakaenda saluni ya kona.

Saluni ilikuwa ya tantine, mdogo wake mama yangu. Kabla ya hapo alisuka miaka mingi barabarani pale sokoni Warwick, chini ya mwavuli, mvua ikimpiga mgongoni. Siku alipopata ufunguo wa saluni hii aliapa hatasuka nje tena. Mimi nilikuwa msaidizi wake, na kichwani mwangu nilishajenga saluni ya ghorofa.

Asubuhi moja tantine aliazima panga. Kabla hajagusa jani, mama mwenye nyumba, Mhindi mzee aliyeishi uani, akatoka na kikombe chake cha chai.

"Huo haukatwi," alisema. "Ni mti wa maziwa, unalindwa na sheria. Usikate tawi, usipige msumari, mpaka serikali ikupe kibali."

"Ni tawi moja tu, Auntie," tantine akamwambia.

"Hata mume wangu alisema hivyo. Alitaka kupitisha gari hapa. Mume amekufa, gari limeuzwa, mti upo."

Tantine aliniangalia. "Eish. Inchi hii, hata muti iko na mwenye kuutetea."

Nilicheka. Kusema kweli, nilifurahi kidogo. Kulikuwa na ndege waliokula matunda yake meusi, nami nilishawazoea.

Lakini viti vilibaki vitupu, na tantine akaanza kusema habari za kurudisha ufunguo. Nikamwambia tutoe kiti kimoja, tukiweke upande wa barabara, kwenye kivuli cha mti.

"Inje? Mimi niko na plafon leo, dari juu ya kichwa, unataka nirudi inje? Wewe ota ndoto zako, mie uniache."

Nikakitoa mwenyewe. Haikuchukua muda, mwanafunzi mmoja akasimama.

"Sista, unasuka?"

"Nasuka," nikasema, ingawa mikono yangu ilikuwa bado mizito.

Nilianza kugawa nywele. Tantine alikuwa mlangoni, mikono kifuani, anatazama. Aliweza kuvumilia njaa na mvua. Mstari uliopinda kwenye kichwa cha mteja hakuuweza.

"Unalima shamba hapo?" akasema. "Toka. Lete kichana chenye mkia."

Akasuka hadi mwisho, amesimama, bila kuutazama mti. Wanawake wawili walioshuka teksi wakangoja zamu yao.

Kesho yake tantine alitoka na kioo kikubwa cha ukutani. Msumari haukuruhusiwa, kwa hiyo nilisuka kamba kwa mabaki ya nywele za bandia, nikakifunga kwenye shina, taratibu, nisichubue gome. Mama mwenye nyumba alikuja kukagua, akajitazama, akatengeneza mtandio wake, akarudi ndani.

Ufunguo haukurudishwa. Ila kila jioni tantine huingiza kioo kwanza, kabla ya viti. Hufunga mlango, huwasha taa, hukaa kidogo peke yake chini ya plafon yake, mahali alipotaka kusukia. Mimi humngoja nje.